Alhamisi ya Kuazima

Tema, 19 Januari 2023

Kwa Mama Mdogo Yaa Birago,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na tanuri lako zima. Sisi huku hatujambo. Mkweo Fiifi anakohoa kwa hili vumbi la Januari na amekataa kumeza dawa kama kawaida yake. Mjukuu wako Araba amenipita urefu, na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mikate uliyompa dereva Yeboah ilifika mizima, na haikulala. Najua masikio yako na simu havipatani, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Yeboah ameahidi kukufikishia hii Effiduase mkononi, asimwachie mtu mwingine.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijui utalicheka au utalielewa. Pale ofisini yupo dada mmoja anaitwa Dzifa, tunakaa meza moja. Alinikuta nalia chooni mwezi wa kumi na mbili, akaniuliza nalia nini. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa nimechoka tu, na sijui nimechoka na nini. Akaninunulia daftari. Akaniambia niandike shajara: kila asubuhi, kabla sijashika simu, niandike niliyoyafanya jana, halafu nipige mstari chini ya yale niliyoyachagua mwenyewe.

Mama Mdogo, wiki nzima nilipiga mstari mmoja. Nilinunua ndizi ya kuchoma na karanga kwa sababu niliitaka. Mengine yote nilitumwa. Ofisi imenituma, kwaya imenituma, misiba ya kila Jumamosi imenituma, Fiifi kanituma, Araba kanituma. Kazi yangu ni kujua kontena la mtu liko wapi bandarini na litatoka lini, lakini nikijiuliza mimi mwenyewe niko wapi, naduwaa.

Basi nikamkumbuka bibi yangu Nana, alivyokuwa anaikalia siku ya roho yake, ile siku ya wiki aliyozaliwa. Kitambaa cheupe, eto ya kiazi kikuu na mafuta ya mawese, mayai juu, na hatoki uani mpaka jua lipande. Nikasema na mimi ni Yaa, nimezaliwa Alhamisi, nina siku yangu na sijawahi kuikalia hata mara moja. Nikaenda kwa bosi wetu, Bw. Quaynor, nikaomba Alhamisi niwe naingia saa tano. Kumbe alikuwa anataka kunipa ukuu wa kitengo, na kikao cha wakuu ni Alhamisi asubuhi. Nikamwambia ukuu ampe mwingine. Fiifi hakusema nami siku mbili.

Leo ni Alhamisi. Nimevaa nyeupe, nimekula eto, nimeandika kurasa nne, na huu ndio mstari wangu wa pili. Wewe nawe ni Yaa kama mimi. Mbona sikumbuki kukuona umekaa siku yako? Fanya, Mama Mdogo, utaona.

Mwanao,
Dufie


Effiduase, 6 Februari 2023

Dufie wangu,

Salamu zako nimezipokea, nami nakurudishia kwa mikono miwili. Mume wako mpe asali na tangawizi, akikataa mwambie imetoka kwangu, ataogopa. Huyo Araba mfiche viatu.

Hapa tupo. Mbuzi wa katibu wa kanisa ameingia kwangu amekula nusu gunia la unga, na katibu anasema si mbuzi wake. Mbuzi mwenyewe anamjua, akimwona anamkimbilia. Tumeipeleka kesi kwa mchungaji, naye ameamua tuiombee.

Habari ya daftari nimeisoma mara mbili. Yaani umepewa kiti cha ukubwa ukakikataa ili ukae nyumbani ule kiazi na kujiandikia barua mwenyewe. Nilikaa nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Mimi sijui haya mambo. Mtu akichoka analala. Kulia chooni si vizuri, choo cha ofisi ni cha watu wengi, ungelilia nyumbani.

Hiyo Alhamisi kalia tu kama inakusaidia. Mimi Alhamisi nina mikate. Wenye misiba wanaitaka mapema Ijumaa, na tanuri haliulizi mtu kazaliwa lini.

Hilo daftari linakuuliza mambo ya jana tu? Likianza kuuliza ya zamani, liambie ulikuwa mdogo.

Mimi,
Mama yako Birago


Tema, 9 Machi 2023

Kwa Mama Mdogo,

Nakusalimu wewe, na wote wa ua wetu, na huyo mbuzi pia. Fiifi alikunywa asali ulivyosema, na kikohozi kimekwisha, ingawa anadai kilikuwa kinakwisha chenyewe. Mvua ya kwanza imetunyeshea jana ikaingia jikoni.

Leo Alhamisi nimevaa nyeupe, lakini sijala kitu, na hapa nilipokaa sijui nimekaa kwa nani.

Jumanne ijayo natimiza miaka arobaini na miwili. Araba alikuwa anatengeneza kadi kwenye simu. Akaandika tarehe yangu, 14 Machi 1981, akakunja uso. Akaniuliza, "Mama, we unaitwa Yaa kwa nini? Simu inasema siku hiyo ilikuwa Jumamosi. We si Yaa, we ni Ama."

Nikamwambia simu zinakosea. Akajaribu nyingine. Nikachukua kalenda ya zamani ya kanisa, ile aliyoitunza baba yake Fiifi, maana mzee yule hakutupa kitu. Jumamosi. Fiifi yeye aliona ni mchezo, akauliza mezani, "Sasa mimi nimeoa nani?" Watoto wa jirani wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda kukaa kitandani nikiwa bado nimeshika bakuli la kunawia mikono.

Nimeandika tarehe hiyo kwenye fomu maisha yangu yote, na jina langu limekaa pembeni yake, na haikunijia hata siku moja kuviangalia pamoja. Nani anaangalia? Unaitwa Yaa, basi umezaliwa Alhamisi, kwisha.

Nisaidie. Tarehe ndiyo imekosewa, au jina?

Dufie


Effiduase, 27 Machi 2023

Dufie wangu,

Nakusalimu. Heri ya siku yako iliyopita. Tumekuombea kanisani, katibu akiwa amekaa mbele kabisa kana kwamba mbuzi kalipwa.

Tarehe ndiyo imekosewa. Makarani wa wakati ule walikuwa wanaandika walichotaka. Kuna mtu hapa kwenye karatasi ni mdogo kuliko mwanawe.

Usimsumbue mtoto na simu. Nimekutumia mikate ya sukari sita, miwili ni ya Dzifa wako.

Birago


Tema, 13 Aprili 2023

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Salamu kwako. Tumekula Pasaka vizuri, kwaya iliimba, mimi nilikosa kuingia kwenye ubeti wangu kwa mawazo, na mwalimu wa kwaya ameapa atanihamishia nyuma. Dzifa ameipenda mikate na anauliza unatia nini ndani.

Niliamini ulichoandika kuhusu karani. Niliamini wiki nzima, nikala eto yangu vizuri. Halafu nikatafuta cheti changu cha ubatizo kwa ajili ya shule ya Araba, na nyuma yake nikakuta kadi ya zahanati, ile aliyoandika mkunga aliyemzalisha Mama. Haikuandikwa tarehe peke yake. Ameandika kwa mkono wake, kwa wino wa kijani, "Jumamosi, kabla ya saa tatu asubuhi. Msichana. Analia vizuri."

Karani anaweza kukosea tarehe. Lakini mkunga aliyesimama pale, ameshika mtoto mkononi, atakosea siku?

Sasa nikueleze hali yangu, ingawa sitaieleza vizuri. Alhamisi nikivaa nyeupe najiona nimeingia nyumba isiyo yangu, nangoja mwenyewe arudi anikute. Nikisema basi nihamie Jumamosi, Jumamosi niko msibani na nguo nyeusi, kama kila mtu. Siku ya roho yangu kumbe ndiyo siku ya kuzika watu? Asubuhi nafungua daftari, naandika "Mimi," na kalamu inasimama hapo. Nimeandika "Mimi" mara tano kwenye ukurasa mmoja, Araba akadhani najifunza mwandiko.

Dzifa anasema niandike tu huo mchafuko, kwamba ndiyo kazi ya shajara. Fiifi anasema watu wengi majina yao yamekosewa na wanalala usingizi. Bw. Quaynor ameniuliza kama bado siutaki ukuu, maana aliyempa amepata kazi kwingine. Nimemwomba anipe muda. Kati ya vitu vyote nilivyofanya kwa miaka mingi nilichagua kimoja tu, hiyo Alhamisi, na sasa sijui hata kama ni yangu.

Mama hayupo nimuulize. Umebaki wewe. Niambie ndiyo au hapana: nilizaliwa Alhamisi?

Mwanao,
Dufie


Effiduase, 2 Mei 2023

Dufie wangu,

Nakusalimu, na mwambie Dzifa natia kungumanga iliyosagwa kidogo na uvumilivu mwingi.

Barua yako ilikaa kwangu muda, si kwa ubaya. Tanuri limepasuka upande wa nyuma. Fundi alikuja akalitazama, akala chakula, akaenda zake. Binti wa mwalimu Owusuaa ameolewa, mvua ikanyesha juu ya sherehe, mahema yakaanguka, bibi harusi akaingizwa kwa katibu na kupewa chumba cha mbuzi ambaye si wake. Umekosa kicheko cha mwaka.

Kuhusu ulichouliza. Mimi siku ile sikuwepo. Nilitumwa maji, niliporudi ulikuwa umeshafika. Siku gani, sikumbuki, ni zamani sana. Wewe ulikuwa unaitwa Yaa nami nikakuita Yaa.

Mwanangu, una mume anayekucheka vizuri, una mtoto ana akili, una kazi. Funga hilo daftari. Kuna vitu mtu anaishi navyo vizuri mpaka siku anapoanza kuvichokonoa. Nakuomba. Mimi sikuombi vitu mara nyingi.

Birago


Tema, 3 Juni 2023

Mama Mdogo,

Salamu. Sisi wazima.

Kwanza ulisema karani. Sasa unasema hukuwepo. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na usiku ule ulinilaza kifuani kwako ukaniambia, nimekumbuka neno kwa neno kwa sababu ndilo lililoninyamazisha: "Usiogope, mikono hii ndiyo iliyokupokea kabla ya mama yako." Basi ni lipi? Ulinipokea, au ulikuwa umekwenda maji?

Sina hasira na wewe. Hapana, nafuta hilo, nina hasira. Nina hasira ninayoshindwa kuiweka mahali, maana hakuna mtu aliyenifanyia mema kama wewe, na huwezi kunijibu neno moja.

Kwa hiyo nimeamua mwenyewe. Si ndivyo daftari linavyotaka? Karatasi inasema Jumamosi, mkunga anasema Jumamosi, nitakuwa wa Jumamosi. Wakili aliyeko jengo letu amenitayarishia kiapo cha kubadilisha jina, nitakwenda kuapa mahakamani wiki ya tatu ya mwezi huu. Jumapili ya tarehe 18 natoa shukrani kanisani. Nitavaa nyeupe, mchungaji atanisimamisha mbele ya watu na kunitangaza kwa jina langu la kweli, na kwaya itaniimbia. Alhamisi nimemrudishia Bw. Quaynor. Vikao nitahudhuria.

Ukipenda kuja, utakaa mbele pamoja nasi. Usipokuja nitaelewa, au nitasema nimeelewa.

Ama Dufie


Effiduase, 8 Juni 2023

Dufie,

Yeboah amekuja na barua yako saa nne asubuhi, nikamzuia asiondoe basi. Abiria wananitukana nje. Nimempa mkate kila mmoja, wametulia kidogo, kwa hiyo naandika haraka na utanisamehe mwandiko.

Hii barua isome kimya. Usimsomee mtu na Araba asikusomee. Na usimwache mchungaji yeyote akuite Ama kwa sauti kabla hujamaliza kuisoma.

Kabla yako mama yako alizaa wasichana wawili. Hukuambiwa. Wa kwanza alizaliwa Jumamosi, akaitwa Ama, akafa kabla ya kutimiza mwezi. Wa pili Jumamosi tena. Ama. Huyo alikaa mpaka akaanza kucheka, kisha akaenda kama mwenzake. Watu wakaanza kusema ni yule yule anayekuja na kurudi, anamchezea mama yako. Tumbo lako lilipokua, wakamwambia mtoto akija achanjwe shavu na aitwe Jalala, au apewe jina la mtumwa wa kununuliwa, kifo kimwone si kitu kimwache. Ulikuwa unawaona wazee wengine pale kwetu wenye majina hayo, ukicheka. Dada yangu alikataa. Alisema hajabeba jalala miezi tisa.

Ukaja Jumamosi. Kabla ya saa tatu, mkunga aliandika kweli. Ndiyo, mikono ni hii. Mkunga alipomwambia mama yako ni msichana, hakufurahi wala hakulia, alinitazama mimi akauliza, "Birago, leo siku gani?" Alijua siku gani. Alitaka nimwambie nyingine.

Nilikuwa msichana wa kumi na tisa, kichwa changu hakikuwa na kitu ila ujeuri. Nikamwambia, "Mpe ya kwangu." Katika ua ule mtu wa Alhamisi nilikuwa mimi peke yangu. Nikawaza hivi, na usinicheke: kifo kinamtafuta Ama, na Ama hayumo. Kikirudi kumuulizia Yaa wa nyumba hii, mkubwa ndiye anayeitikia kwanza.

Mkunga tulimwomba anyamaze, naye alinyamaza mpaka anakufa. Tukakuficha chumba cha ndani, mama yako anatoka uani amefunga kitambaa tumboni kama bado ana mimba, mimi nakulaza kifuani ukilia nakuimbia juu ya kilio chako ili majirani wasisikie. Alhamisi ilipofika nikafungua mlango nikapiga yowe kwamba dada yangu amejifungua. Watu wakaja. Siku ya nane baada ya hapo ukatolewa nje ukapewa tone la maji na tone la pombe mdomoni kwa desturi, ukaitwa Yaa Dufie. Tuliwadanganya watu wote tukasahau karatasi ya mkunga.

Uliniuliza mbona sijawahi kukaa siku yangu. Nilikuwa nimeshakupa. Sikuona vizuri nikupe halafu nivae nyeupe juu yake kama bado ni yangu. Kila ulipopata homa, Alhamisi hiyo nilikaa mlangoni asubuhi mpaka jioni. Ukipona nawasha tanuri. Mikono ikiwa na kazi, mtu haogopi sana. Ndivyo ilivyoanza mikate ya Alhamisi, haikuanza kwa sababu ya misiba.

Mama yako aliniapisha nisiseme, na yeye alipofariki niliogopa zaidi. Nilidhani labda kifo kiliuliza kikakosea mtu. Hilo silijui mpaka leo. Ninaenda kanisani, ninasoma Biblia, najua mchungaji atasema nini. Lakini arobaini na miwili umefika na unalia vizuri, kama alivyoandika yule mama. Mimi hicho ndicho ninachokijua.

Sasa unataka usimamishwe mbele ya kanisa, uvae nyeupe, uitwe Ama kwa kipaza sauti. Dufie, naogopa. Nimezeeka na bado naogopa. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uchague kati ya hizi siku mbili, nilitaka ukae tu kwenye ile salama. Ukishaisoma hii, fanya utakavyo. Kama ni Ama, basi Ama, nami nitakuja kukaa mbele kama ulivyosema, ila nishikilie mkono.

Yeboah anapiga honi.

Birago


Tema, 12 Juni 2023

Mama yangu Birago,

Nakusalimu. Nimeanza mstari huu mara nyingi kwa jina moja kisha kwa jingine.

Barua yako niliisoma kimya. Nilifunga madirisha kwanza, mimi niliyesoma chuo, nimekaa jasho linanitoka kwa sababu nimeogopa kitu kisisikie. Kisha nikatoka uani. Fiifi aliuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia barua ya nyumbani. Aliniletea kiti.

Sijui ninaamini nini. Asubuhi naona lilikuwa wazo la wasichana wawili wenye hofu, na watoto wale walikufa kwa homa ambayo leo ina sindano. Ikifika jioni nakuona umekaa mlangoni mchana kutwa kwa sababu mimi nina joto, nami siwezi kusema hukusaidia. Nimejaribu kuviandika vyote viwili ukurasa mmoja na vinakataa kukaa pamoja. Dzifa hajui, hatajua, maana ulisema nisimsomee mtu. Nilitaka kukuuliza majina ya dada zangu, halafu nikakumbuka yalikuwa jina moja. Nalia kwa ajili yao na sijui nawalilia kama dada au kama mimi mwenyewe.

Wakili nimemwambia aichane karatasi. Amesema ada hairudi. Mchungaji nimemwambia shukrani itabaki lakini asinisimamishe, nitasimama mwenyewe na watu wengine. Bw. Quaynor nimemwendea tena. Nimempa masharti: ukuu nautaka, na kikao kihamie Jumatano. Amesema nimebadilika. Amekubali kujaribu mwezi mmoja.

Leo asubuhi nimefungua daftari nikaandika neno "Mimi" na kalamu haikusimama. Haikuandika cha maana pia. Imeandika habari zako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukaambiwa dada yako ana mtoto na mtoto hana siku, ukatoa yako bila kuuliza utabaki na nini. Nimepiga mstari chini ya hapo, ingawa si mimi niliyechagua. Sina sheria ya hilo. Nimepiga tu.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Yeboah anakuletea hii Jumatano mchana. Jumatano jioni nashuka mimi. Nakuja na kitambaa cheupe kipya, ni chako, usiniambie una kingine. Alhamisi alfajiri unga nitakanda mimi, tanuri lililopasuka nitaliwasha mimi, wenye misiba wataniona mimi mlangoni. Mikate itaungua, najua. Wakilalamika, wapeleke kwa mchungaji iombewe.

Wewe utaoga, utavaa, utakula eto, mayai yote mawili, na utakaa kwenye kiti ndani mpaka jua lipande. Ni siku yako. Umeniazima vya kutosha, nami sikurudishii, tutaikalia wote wawili. Kikija kumuulizia Yaa wa nyumba hii, mlangoni nitakuwepo mimi. Ukisimama tu kuja kutazama mikate, nitakufokea mbele ya watu.

Yaa wako,
Dufie